Seli Inayosubiri Kuambiwa Isife

Kuku wa mama mkubwa anaatamia mayai kumi na mawili ndani ya karai lililotandikwa majani makavu ya mgomba, nyuma ya mlango wa jiko, hapa Maji ya Chai. Siku ya tano tangu aanze kuatamia, saa mbili usiku, mama mkubwa aliniita nimmulikie. Kazi yangu ni kushika simu tochi iwake. Kazi yake ni kupenyeza mkono chini ya kuku na kuliweka yai juu ya mwanga, huku vidole vimelizingira ili mwanga usivuje pembeni. Yai lisilo na mbegu hubaki tupu, linawaka lote kama taa ya chemli. Yai lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui, na karibu na katikati kuna doa jeusi. Doa hilo ni jicho. Ukituliza mkono unaliona likielea.

Nikamwambia nilichokuwa nimekisoma mchana ule. Kwamba ndani ya kile kidudu kisichozidi punje ya maharage, seli za neva zitakazouchezesha mguu zimekwisha kuzaliwa, zimejipanga ndani ya ugwe mgongo, na baadhi zimeanza kupeleka nyuzi kule mguu unakochipukia. Na kwamba kuanzia kesho zitaanza kufa. Ikifika siku ya kumi au kidogo zaidi, karibu nusu yake hazitakuwepo. Ugonjwa hakuna, kuku hajaliacha yai lipoe, na hali ni hiyohiyo katika kila yai lililowahi kutoa kifaranga anayetembea.

Mama mkubwa hakuonyesha mshangao. Alilirudisha yai, akachukua la pili. "Sasa, mwanangu, nani anaziua?"

Nimesoma baiolojia miaka mingi na sikumbuki kama niliwahi kuuliza swali zuri kama hilo. Jibu lake fupi ni kwamba hakuna anayeziua. Jibu refu limechukua watu wengi na miaka mingi.

Tuanze na mguu wenyewe. Msuli haujui kujikunja bila kuamriwa, na amri inafika kwa seli ya neva yenye umbo la ajabu: kiwiliwili chake kimekaa ndani ya ugwe mgongo, na kutoka hapo kinatoka uzi mmoja mwembamba unaosafiri mpaka kwenye msuli. Kwa kiinitete cha kuku safari hiyo ni ya milimita chache. Kwa mtu mzima, uzi unaotoka kiunoni hadi vidole vya mguu unakaribia mita nzima, na bado ni wa seli moja.

Sasa fikiria tatizo la hesabu. Ugwe mgongo unatengeneza seli zake mapema, mguu ungali kijivimbe tu. Hauoni mguu utakuwa mkubwa kiasi gani. Hakuna msimamizi mwenye daftari anayesema misuli ya paja inahitaji seli elfu kadhaa na ya unyayo mia kadhaa. Ukitengeneza chache, msuli utapooza. Ukitengeneza nyingi, kuna nyuzi zitakazofika pasipo na kazi. Mkulima yeyote wa mteremko wa Meru analijua tatizo hili, maana analikuta shambani kila msimu. Hupandi punje moja ya mahindi katika shimo ukaiombea dua. Unatia mbili au tatu, na siku ya palizi unapunguza. Mgomba nao unatoa machipukizi mengi kuliko shina linavyoweza kulisha, na kanuni ya wazee ni kuacha watatu: mama, mtoto na mjukuu. Mengine yanakwenda kwa panga.

Mwili wa kifaranga unafanya vivyo hivyo, unazalisha kwa wingi kisha unapunguza. Ila mfano wa mgomba unanifikisha nusu ya njia tu, na sharti niuache hapo. Shambani yupo mwenye panga. Ndani ya yai hayupo.

Mmoja wa watu wa mapema kulishika jambo hili kwa mikono alikuwa Viktor Hamburger, Mjerumani aliyehamia Marekani. Mwaka 1934 alichapisha jaribio ambalo ukilisikia unaona ni la kikatili lakini ni rahisi: alifungua dirisha dogo kwenye ganda la yai, akakata kijivimbe cha bawa upande mmoja wa kiinitete, akaliziba yai, akangoja. Alipokuja kupasua ugwe mgongo alikuta upande uliokatwa bawa una seli chache za neva kuliko upande mzima. Kwa hiyo mguu au bawa linatuma habari fulani kwenye ugwe mgongo. Hamburger alidhani habari hiyo inawaita waajiriwa: kwamba pasipo na bawa, seli changa haziitwi kuwa seli za neva.

Miaka michache baadaye makala hiyo ilisomwa na mwanamke mmoja wa Turin, Italia. Rita Levi-Montalcini alikuwa daktari, na alikuwa Myahudi, na sheria za ubaguzi za serikali ya Mussolini za mwaka 1938 zilikuwa zimemfungia mlango wa chuo kikuu. Akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Sindano za kushonea alizinoa zikawa visu vya upasuaji. Mabomu yalipozidi mjini familia ikahamia mashambani, naye akawa anazunguka kwa baiskeli kwa wafugaji akiomba mayai yenye mbegu, akiwaambia ni ya kulisha watoto wake. Hakuwa na mtoto. Baada ya kutoa kiinitete, sehemu iliyobaki ya yai iliingia kwenye kikaango, kwa kuwa vita ni vita na chakula ni chakula. Kila nikimmulikia mama mkubwa namkumbuka huyu mama, na namwonea wivu kwa jambo moja: alikuwa na subira ya kuhesabu.

Maana hapo ndipo alipomzidi Hamburger. Hamburger alitazama mwisho wa mchezo, yeye akatazama kila siku. Alikata vipande vyembamba vya viinitete vya siku mbalimbali, akavitia rangi ya fedha inayoshika neva, akahesabu. Akakuta kwamba upande uliokatwa kiungo, seli za neva zinazaliwa kama kawaida na zinatoa nyuzi kama kawaida. Kisha nyuzi zinafika mahali ambapo kiungo kilipaswa kuwepo, hazikuti kitu, na seli zinasinyaa na kutoweka. Waajiriwa walikuwa wamekwisha kuitwa; walifika kazini wakakosa mapokezi.

Mwaka 1947 Hamburger alimwalika Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, waje walimalize suala hili pamoja. Alikwenda kwa miezi michache, akakaa karibu miaka thelathini. Wakakuta kwamba hata kwenye kiinitete ambacho hakijaguswa na kisu, seli za neva zinakufa kwa maelfu katika siku maalumu. Jaribio lililonikaa zaidi kichwani lilifanywa na Hamburger na Margaret Hollyday na kuchapishwa 1976. Badala ya kukata mguu, waliongeza wa ziada. Kiinitete chenye mguu wa nyongeza kilibaki na seli nyingi zaidi. Yaani zile seli ambazo zingekufa hazikuwa na kasoro yoyote. Zilipewa pa kufika, zikaishi.

Basi kuna kitu kinachotoka kwenye msuli na kumwambia mgeni wake akae. Kitu gani?

Jibu la kwanza lilikuja kwa njia ya mzunguko, na kwenye seli tofauti na zile za mguu nilizoanza nazo. Mwaka 1948 Elmer Bueker alipandikiza uvimbe wa saratani ya panya kwenye kiinitete cha kuku, akaona neva zinaingia kwenye uvimbe kwa wingi usio wa kawaida. Levi-Montalcini alirudia, kisha akafanya werevu mmoja: aliuweka uvimbe juu ya utando wa nje wa yai, mahali ambapo hauwezi kugusana na kiinitete isipokuwa kwa njia ya damu. Neva zikakua vilevile. Kumbe ni kitu kinachoyeyuka, kinasafiri. Mwaka 1952 akapanda ndege kwenda Rio de Janeiro kwa rafiki mwenye maabara ya kukuzia seli kwenye vyombo vya kioo, akiwa amebeba panya wawili wenye uvimbe. Aliweka fundo la neva la kuku karibu na kipande cha uvimbe, na baada ya siku moja fundo lilikuwa limezungukwa na nyuzi pande zote, kama jua linavyochorwa na mtoto wa chekechea.

Aliyekisafisha kitu hicho alikuwa mwanakemia Stanley Cohen. Alitaka kujua kama ni protini au ni asidi ya kiini cha seli, akatia sumu ya nyoka, inayosifika kwa kuimeng'enya asidi hiyo. Alitarajia nguvu ipungue au ibaki palepale. Ikaongezeka mno. Kumbe sumu yenyewe ilikuwa na kitu kilekile, tena kwa wingi kuliko uvimbe. Na kwa kuwa tezi ya sumu ya nyoka ni ndugu wa tezi ya mate, Cohen akaenda kutafuta kwenye tezi za mate za panya dume, akakipata tele. Ndicho kinachoitwa NGF, kichocheo cha ukuaji wa neva. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Kwa somo letu, jaribio kubwa kuliko yote ni lile walilolifanya mwishoni mwa miaka ya 1950. Walitengeneza kingamwili inayoikamata NGF, wakawadunga vitoto vya panya waliozaliwa punde. Panya walikua, walikula, walitembea. Lakini mafundo ya neva zinazoharakisha moyo na kubana mishipa ya damu bila mtu kuamua yalikuwa karibu yametoweka kabisa. Hawakuzidungia seli hizo sumu. Walizuia ujumbe usifike, basi. (Neva za mguu wa kifaranga, kwa taarifa, haziisikilizi NGF, zina wajumbe wao wengine, na si mmoja.)

Mjumbe mwenyewe ameundwaje? Ukienda Arusha mjini utawakuta akina mama wa Kimaasai wakitunga shanga. Chukua rangi ishirini za shanga na uzi mmoja. Mwili nao una aina ishirini za shanga, zinaitwa asidi amino, na unazitunga kwa mpangilio ulioandikwa kwenye jeni. Uzi mfupi, wa shanga chache hadi makumi kadhaa, tunauita peptidi. Uzi mrefu uliojikunja ukawa na umbo maalumu tunauita protini. Mpaka kati yao ni kama mpaka wa kijito na mto, usiugombanie. NGF ni nyuzi mbili pacha, kila mmoja una shanga 118. Ukibadili mpangilio wa shanga unabadili umbo, na umbo ndilo kila kitu, kwa sababu juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi vilivyochongwa kupokea umbo hilo tu, kama kitasa na ufunguo wake.

Sasa turudi kwa muuaji.

Katika mayai kumi na mawili ya mama mkubwa, moja lilikuwa limesukumwa ukingoni mwa karai likapoa. Tulipolimulika siku ya tisa lilionyesha duara jekundu lisilo na miguu ya buibui. Lile lilikufa kifo cha ajali. Seli zikifa hivyo zinavimba, zinapasuka, zinamwaga vilivyomo, na jirani wanadhurika. Kifo ninachokieleza hapa hakifanani na hicho. Seli inanywea. Kiini chake kinajikusanya. Inajikatakata vipande vilivyofungwa vizuri kwa utando, na seli za jirani zinavimeza bila uvimbe wala usaha. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa jina la Kigiriki, apoptosisi, neno la majani yanavyopukutika mtini. Jina limepatia kuliko walivyokusudia pengine. Jani la jakaranda halidondoki kwa sababu upepo umelishinda nguvu. Mti wenyewe umekwisha kukata kikonyo kwa ndani, upepo unamalizia tu.

Ushahidi kwamba seli inajiua kwa mkono wake uko wa aina mbili. Wa kwanza unatoka kwa mnyoo mdogo wa udongoni, mrefu kama milimita moja, ambao Sydney Brenner aliuchagua kwa sababu una seli zinazohesabika. Katika kukua kwake mnyoo huyu anazalisha seli 1,090 za mwili, na 131 zinakufa, zilezile kila mara, kwa saa ileile. John Sulston alizifuatilia moja moja kwa darubini. Kisha Robert Horvitz akatafuta minyoo walioharibika jeni, akapata ambao seli hizo 131 hazifi. Jeni moja iliyoharibika iliitwa ced-3. Ikivunjika, kifo hakitokei. Kwa hiyo kifo kinahitaji jeni, kinahitaji kazi, kama kujenga. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 2002.

Ushahidi wa pili ni wa Eugene Johnson na wenzake, mwaka 1988, hukohuko St. Louis. Walichukua seli za neva za panya zinazotegemea NGF, wakaiondoa. Kawaida zinakufa ndani ya siku mbili. Safari hii wakatia pia dawa inayoizuia seli kutengeneza protini mpya, dawa ambayo ungeitegemea iharakishe kifo. Seli zikabaki hai. Zilipozuiwa kutunga shanga, zilikosa kisu cha kujichinjia.

Nikamjibu mama mkubwa hivi: kila seli changa ya neva inazaliwa na kisu kiunoni, na amri ya kukichomoa imekwisha kutolewa. Kinachokizuia ni sauti inayotoka nje, ikisema bado, bado. Sauti ikinyamaza, amri inatekelezwa. Akasema huo ni utumwa. Sikuwa na jibu. Kwa seli ni utumwa, ndiyo, na kwa kifaranga ndiyo hesabu yake: mwenye kupata mapokezi abaki, asiyepata aondoke kimyakimya, na idadi inalingana na misuli bila mtu kushika daftari.

Kisu chenyewe kinaitwa kaspasi. Ni kimeng'enya kinachokata protini nyingine, na kile cha mnyoo kinachotokana na ced-3 kina ndugu zake ndani ya seli zetu. Kwa kawaida kimo alani. Ala inavuliwa hasa kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu. Utando wa kinu ukitobolewa, protini moja iitwayo saitokromu c, ambayo siku zote kazi yake ni kusaidia kutengeneza nguvu, inavuja nje. Huko inakusanya protini nyingine, na kaspasi zinachomolewa moja baada ya nyingine. Kati ya kinu na kutobolewa kuna walinzi na wavunjaji, familia moja ya protini iliyogawanyika kambi mbili, na usalama wa seli unategemea kambi ipi imezidi leo.

Peptidi za kulinda zinafanya kazi hapo, na nitachukua moja nimfuate mjumbe hatua kwa hatua. Inaitwa PACAP. Iligunduliwa mwaka 1989 na kundi la Akira Arimura nchini Marekani, kutoka kwenye ubongo wa kondoo. Ina shanga 38, na za kondoo, za panya na zetu ni zilezile, kwa mpangilio uleule. Maumbile huwa hayakosi kuchezea mpangilio wa shanga katika muda mrefu. Pale yasipothubutu, ujue kitu hicho kina kazi ambayo hakiwezi kuachishwa.

Kundi la watafiti wa Rouen, Ufaransa, akiwemo Hubert Vaudry, liliichunguza kwenye serebelamu, ule ubongo mdogo ulioko kisogoni unaopanga mizani na ulaini wa mwendo. Ni mdogo kwa ukubwa tu. Kati ya seli za neva zipatazo bilioni 86 za mtu mzima, bilioni 69 hivi zimo humo, nyingi zikiwa seli ndogondogo zinazoitwa seli za punje. Nazo zinazaliwa kwa kuchelewa. Kwa binadamu zinaendelea kuongezeka na kuhama kwenda mahali pake baada ya mtoto kuzaliwa, katika mwaka wa kwanza. Yule mtoto unayemwona sokoni Tengeru amefungwa mgongoni kwa khanga, shingo ikicheza mama akiinama kuchagua nyanya, kisogoni pake ujenzi unaendelea.

Seli za punje za panya zikikuzwa kwenye chombo zinahitaji potasiamu nyingi ili ziishi; kipimo cha kawaida ni milimoli 25 kwa lita. Ukiishusha hadi 5 zinaanza kufa kwa apoptosisi. Ukitia PACAP, nyingi zinaokoka. Njia ni hii: peptidi inakaa kwenye kipokezi chake juu ya seli. Kipokezi kinajigeuza umbo, na upande wa ndani kinaamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ndogo za ujumbe ziitwazo AMP mzunguko. Peptidi yenyewe haikuingia. Imebisha hodi tu, na mtu wa ndani ndiye aliyepiga mbiu. AMP mzunguko zinaamsha vimeng'enya vinavyobandika fosfati kwenye protini nyingine, na protini ikibandikwa fosfati inabadili tabia. Walinzi wa mitokondria wanaongezwa nguvu, jeni za kuishi zinawashwa. Mwaka 2000 kundi hilo la Rouen lilionyesha kwamba mwisho wa mnyororo ni kuzimwa kwa kaspasi namba 3, ndugu wa karibu wa ile ced-3 ya mnyoo. Yaani shanga 38 za kondoo zinazuia kisu ambacho kilitambuliwa kwanza ndani ya mdudu wa udongoni. Nikisoma sayansi huwa natafuta sehemu kama hii, ambapo mambo mawili yaliyofanywa na watu wasiojuana yanakutana kama mito ya Meru.

Na haikuishia kwenye chombo. Vitoto vya panya vilivyodungwa PACAP kwenye serebelamu vilipata tabaka nene zaidi la seli hizo.

Sasa pombe. Sipendi kuitaja kwa sababu kila anayeitaja anageuka mhubiri, lakini kwa seli hizi haikwepeki. Mwaka 2000 kundi la Chrysanthy Ikonomidou na John Olney, yule Olney akiwa St. Louis palepale pa Hamburger, lilichapisha matokeo ya panya wa siku saba, umri ambao ubongo wao unaunganisha neva kwa kasi kama wa mtoto wetu miezi ya mwisho tumboni. Pombe iliua seli za neva kwa mamilioni, na si kwa kuziunguza. Inaziba kipokezi kimoja kinachosisimua seli na inakipa nguvu kingine kinachoituliza. Kwa mtu mzima huo ndio ulevi wenyewe, raha ya kutulia. Kwa seli changa inayosubiri kusikia kwamba inahitajika, kutulia huko ni ukimya, na ukimya ni amri. Kikombe cha mbege ni ndizi na ulezi, kina historia na heshima yake kwenye sherehe zetu, na mtu mzima anaamka kesho yake akaenda shamba. Kijusi hakina kesho ya aina hiyo. Siku zile za kuhesabu seli zikipita, zimepita.

Watu wa Maji ya Chai hawahitaji kufundishwa habari ya msimu usiorudi. Tunaionyesha tukicheka. Maji yetu yana floraidi nyingi iliyotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, na ndiyo sababu kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikifanya utafiti wa kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Aliyekunywa maji hayo utotoni ana meno ya kahawia. Aliyehamia hapa akiwa na miaka ishirini atakunywa mtoni hukohuko, meno yake yatabaki meupe, kwa kuwa seli zinazojenga tabaka la nje la jino zilikwisha maliza kazi na kuondoka. Maji ni yale yale. Kilichotofautiana ni siku yalipofika. Floraidi na pombe haziharibu kwa njia moja, lakini kalenda yake ni ya namna moja.

Je, peptidi zinaweza kurudishwa kama dawa? Majaribio yapo. Illana Gozes wa Tel Aviv na Douglas Brenneman wa Marekani walipata kipande cha shanga nane tu, kinaitwa NAP, kilichokatwa kwenye protini ya kulinda neva. Mwaka 2001 iliripotiwa kwamba panya wenye mimba waliopewa NAP na mwenzake mwingine kabla ya kupewa pombe walipoteza vijusi vichache zaidi. Ni habari njema, ya panya. NAP hiyohiyo ilipojaribiwa kwa watu wazima wenye ugonjwa mmoja wa ubongo unaofanana na Parkinson, matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha haikuwasaidia.

Sababu za ugumu ziko wazi ukifuata tulikotoka. Uzi wa shanga ulio wazi ndani ya damu ni chakula cha vimeng'enya. PACAP inakatwa ndani ya dakika chache. Ubongo una ukuta wake dhidi ya damu, hauruhusu kila mpitaji. Na mjumbe hana anwani moja tu. PACAP inatanua mishipa ya damu, na wenye kipandauso wakidungwa wanaweza kushikwa na kipandauso chenyewe. Imefika mahali ambapo mwaka 2024 yalichapishwa matokeo mazuri ya kingamwili inayoizuia PACAP, kwa ajili ya wagonjwa hao. Kinachoiokoa seli ya mtoto ndicho kinachompasua kichwa mama yake. Mimi hapo sioni kasoro ya utafiti. Naona uchumi wa mwili, kutumia neno moja katika sentensi nyingi.

NGF imefika dukani, lakini kwa mlango mdogo: tone la jicho, lililoidhinishwa Ulaya 2017 na Marekani mwaka uliofuata, kwa watu ambao neva za kioo cha jicho zimekufa na vidonda havifungi. Jicho liko nje, halina ukuta wa kuvuka, na dawa inakaa pale inapodondoshwa.

Siku ya kumi na mbili mama mkubwa aliniita tena. Safari hii mwanga haukupenya. Yai lilikuwa zito na jeusi karibu lote, ila upande wa hewa. Hakuna buibui, hakuna jicho. Lakini kivuli kilisogea, mara moja, kama mtu anayejinyoosha ndani ya blanketi. "Anapiga teke," mama mkubwa alisema. Nikamwambia zile za mguu zilizobaki ndizo hizo, kufa kwake kumekwisha siku moja mbili zilizopita wakati sisi tunavuna maharage.

Akalirudisha yai. Kuku akamdona mkono.